Mwenye Shangazi Yake Aje Amchukue

Kama ulipata kununua hata fungu moja la nyanya katika soko lile kubwa, sauti ya shangazi unaijua. Uso wake huenda hukuuona, maana alikaa juu, kwenye kibanda cha mabati kinachopandwa kwa ngazi ya chuma, nyuma ya dirisha la wavu. Lakini sauti ilikufuata popote: kwenye samaki, kwenye mitumba, hata msalani. Ilikuwa nene, haina haraka, na ukiisikiliza vizuri ulijua kwamba mwenyewe anajizuia asicheke.

"Aliyeacha meno ya bandia kwenye meza ya bucha," alitangaza siku moja, "aje ayachukue. Nyama yake nayo ipo, vinasubiriana." Soko zima likaangua kicheko, na mwenye meno, maskini, akaja ameziba mdomo kwa kiganja. Siku nyingine: "Kuna mume amesahauliwa mbele ya duka la ndoo. Amevaa shati la bluu na amekasirika. Mwenye mume wake aje amchukue, duka linataka kufungwa." Nyuma yake palikuwa na rafu ya vilivyookotwa: funguo, miwani, miavuli, ndala za mguu mmoja mmoja. Chini ya rafu palikuwa na benchi, na hapo watoto waliopotea walikaa wakila biskuti mpaka wenyewe waje. Jioni alifunga kazi kwa maneno yaleyale miaka yote: "Soko limefungwa. Ambaye hakuchukua chake, kesho tena."

Mtoto mmoja aliyewahi kupotea mle sokoni alikuwa wa nyumbani kwake mwenyewe, binti wa kaka yake. Mama wa binti huyo alifariki mapema, na baba alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana leo na kupotea mwezi. Shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, alimchukua akamlea, akambandika jina la Kwanini, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni tangu alfajiri hadi anapolala. Kwa nini sufuria inalia ikipata moto? Kwa nini kivuli hakilowi? Shangazi alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua aliyatungia majibu, mradi mtoto anywe uji.

Siku alipopotea, Kwanini alikuwa katikati ya magunia ya mkaa, miguu ya watu imemzunguka, analia. Ndipo spika zote za sokoni zikamwita. "Kwanini, mwanangu. Simama hapohapo ulipo. Usinitafute. Mimi ndiye ninayekuja." Akasimama. Shangazi kwa haraka yake alisahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo soko zima lilisikia viatu vyake vikishuka ngazi ya chuma, ko, ko, ko, mpaka alipofika chini. Kwanini hakuwahi kuusahau mlio huo. Alipokuwa mkubwa alizoea kusema kwamba hofu yake yote ya utotoni iliisha siku ile kwenye mkaa.

Basi akakua, akasoma mpaka walimu wakamchoka, akaajiriwa katika maabara iliyo chini kabisa ya hospitali kubwa, jirani na chumba cha mashine za kufulia mashuka. Walichunguza rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo ambao wengine huuita goita. Watu hudhani rovu ni ukosefu wa madini joto kwenye chumvi, basi, mjadala umefungwa. Lakini wapo waliokula chumvi ileile kwenye chungu kilekile, mmoja shingo yake nyororo, mwenzake amebeba uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Kwa nini? Swali la utotoni sasa lilikuwa linamlipa mshahara.

Shangazi alipotaka kujua hasa kinachofanyika huko chini, Kwanini alimweleza jikoni, wakiwa wanachambua mchele.

"Shangazi, kila seli ya mwili wako ina kitabu cha maelekezo. Kitabu ni kilekile kwa zote, lakini hakuna seli inayokisoma chote. Ya ini inafungua kurasa zake, ya tezi inafungua zake. Sasa ukurasa ukifunguliwa, seli inaunakili kwenye kikaratasi, inakipeleka kwa wapishi, nao wanapika kilichoandikwa. Mimi nakusanya vikaratasi. Nataka kujua kwenye rovu ni kurasa zipi zinasomwa kwa kelele, na zipi zimenyamaza."

"Na hivyo vikaratasi vinakaa?"

"Havikai. Nyama ikishakatwa tu, vinaanza kuoza. Ndiyo maana tunakimbia. Ikiwahi kuingia kwenye baridi kali, tunavikuta kama vilivyokuwa shingoni kwa mtu. Ukichelewa, umeambulia patupu."

Shangazi alipuliza makapi kwenye ungo. "Kumbe tunafanya kazi moja," akasema. "Wote tunakimbizana na vilivyopotea."

Na yeye mwenyewe alikuwa na rovu. Mama yake alikuwa nalo, na shangazi yake mkubwa pia, lilikuwa limeufuata ukoo ule kama jina. Lake lilianza zamani, dogo, akalifunika kwa kitambaa, na kila aliyelitazama kupita kiasi alipewa jibu: "Hii ni spika ya akiba. Zile za kwenye nguzo zikiharibika, natumia hii." Hakuwahi kumeza hata kidonge kimoja kwa ajili yake. Mpaka lilipoanza kumbana koo wakati wa kula, ndipo Kwanini akampeleka kwa daktari wa upasuaji, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa, aliyelipapasa, akatazama picha, akasema likatwe. Akampa tarehe ya karibu.

Kwanini alifurahi, na tusidanganyane, alifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mtoto yeyote angefurahia. Ya pili ni kwamba utafiti wao ulikuwa na pengo, na shangazi alilijaza kama aliyekatwa kwa kipimo: rovu la ukoo, la miaka mingi, lisilowahi kuguswa na dawa. Dawa huwa zinabadilisha kurasa zinazosomwa, kwa hiyo mtu kama yeye alitafutwa kwa udi na uvumba. Profesa aliyewaongoza alikuwa amesema mbele ya wote kwamba wakipata sampuli moja ya namna hiyo, iliyogandishwa vizuri, kazi yao itasomwa mbali.

Tatizo lilikuwa baridi. Mtambo wa kutengeneza naitrojeni ya kimiminika, ile baridi inayofuka moshi, ulikuwa umekufa, na kipuri kilikuwa kimekwama bandarini. Pasipo baridi hiyo, rovu la shangazi lingekuwa nyama ya kutupa tu. Kwanini alimkamata daktari kwenye korido, akamuuliza kama tarehe inaweza kusogezwa. Daktari aliendelea kutembea huku anajibu. "Ningependa tuwahi," alisema. "Ila tukisogeza kidogo dunia haitaanguka."

Yale maneno yalikuwa na pande mbili, na Kwanini alibeba upande mmoja nyumbani.

"Shangazi, unaweza kunisubiri kidogo? Mtambo ukipona tu unaingia. Nimemuuliza daktari, anasema dunia haitaanguka."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Wiki chache."

Shangazi alikuwa anakunja nguo. Alikunja moja mpaka ikaisha, akaiweka juu ya nyingine. "Nimelibeba muda wote huu, wiki chache litanifanya nini? Nitakusubiri, mwanangu. Wewe hukuwahi kuniomba kitu, ulikuwa unauliza tu." Wakacheka wote wawili.

Wiki chache zikazaa miezi. Kipuri kikatoka bandarini, kikaonekana si chenyewe, kikarudishwa. Shangazi aliendelea kupanda ngazi ya chuma, sasa akipumzika katikati na kujifanya anaangalia mandhari. Kwenye kipaza sauti alianza kukata sentensi, akinywa maji kati ya funguo zilizookotwa na mtoto aliyepotea. Waliomzoea walidhani ni madoido mapya. Kwanini akiuliza hali, jibu lilikuwa gesi tu, mwanangu, maharage. Siku moja aliingia chumbani kwake kutafuta sindano, akakuta mito imerundikwa ukutani mpaka juu, kitanda kimegeuka kiti. Shangazi alikuwa analala ameketi, maana akilala chali alikosa pumzi. Kwanini aliiona ile mito. Yeye aliyeuliza kwa nini kivuli hakilowi, hakuuliza kwa nini mito ni mingi. Alichukua sindano, akatoka, na moyoni akahesabu siku zilizobaki kipuri kufika.

Hatimaye mtambo ukanguruma. Asubuhi ya upasuaji shangazi alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa kofia ya kijani iliyomfanya aonekane kama mpishi. Alimshika Kwanini mkono.

"Wakishalitoa," akasema kwa sauti iliyokuwa na mikwaruzo lakini bado ni yake, "usije ukalikumbatia hilo rovu ukanisahau mimi."

"Shangazi nawe!"

"Nasema tu. Nakujua."

Mlango ukafungwa. Kwanini akasubiri nje na sinia lake la barafu, roho mkononi. Upasuaji ulichukua muda kuliko alivyotegemea, muuguzi mmoja akatoka mbio, akarudi na mfuko wa damu bila kumtazama mtu. Kisha mlango ukafunguka na bakuli la chuma likatolewa, na ndani yake rovu, kubwa kuliko lilivyoonekana chini ya kitambaa, jekundu lenye mafundo. Muuguzi alisema mgonjwa yuko salama, wanamshona. Kwanini alisema asante, akakimbia.

Hapo alikuwa hodari. Alishuka ngazi bila kuangalia miguu, akasukuma mlango kwa kiwiko, na fundi wa maabara alikuwa tayari na chupa inayofuka moshi. Fundi huyu walimwita Barafu, kwa kuwa friza zote zilikuwa chini ya mamlaka yake na yeye mwenyewe hakupandwa na jazba hata kwa bahati mbaya. Kwanini akakata kipande kwenye fundo gumu, akakata kingine pembeni, palipobaki tezi nzima isiyovimba, ili vilinganishwe. Vikaingia kwenye baridi, vikatoa mlio kama wa chapati kwenye mafuta, vikanyamaza. Kazi ya haraka ilikuwa imekwisha.

Barafu alitazama saa ya ukutani. "Vilivyobaki niachie mimi. Vimeshaingia kwenye dawa ya kuhifadhi, havina haraka. Nenda juu, mama yako mdogo ataamka."

"Shangazi yangu."

"Huyohuyo. Nenda."

"Hii simwachii mtu," Kwanini alisema.

Alisema kwa kiburi kidogo, kile cha mtu anayependa kazi yake. Barafu hakubisha. Akampa kisu kipya. Na Kwanini akakaa pale, akapima, akapiga picha, akagawa vipande vidogo kwenye vichupa, akaandika kila kichupa ubavuni na kwenye kifuniko, kwa mwandiko mzuri kuliko alioandikia mitihani. Simu zilifungiwa kabatini nje, ndiyo sheria ya chumba kile. Alikuwa na furaha. Hili lilimuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba saa zile alikuwa na furaha kweli, aliimba hata wimbo chini kwa chini huku akilipanga rovu la shangazi yake kwenye friza.

Alipotoka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa jengo. Alifungua kabati, akakuta simu imejaa namba ya wodi. Alipanda ngazi akijiambia kwamba wanataka saini tu. Kitanda cha dirishani, alichopangiwa shangazi, kilikuwa kitupu, shuka limevutwa nusu, ndala moja imepinduka sakafuni.

"Ulikuwa wapi?" muuguzi aliuliza, si kwa hasira. "Shingo ilivimba ghafla. Damu ilivujia ndani, akawa anakosa hewa. Wamemrudisha chumba cha upasuaji."

Shangazi hakufa. Afadhali niliseme mapema, wapo wasomaji wenye presha. Walimfungua tena, wakazuia damu, akapona, kidonda kikafunga vizuri kikabaki mstari mwembamba shingoni. Kilichokufa ni sauti. Bandeji zilipotolewa alifungua mdomo kumsalimia mpwa wake, na kilichotoka kilikuwa hewa yenye maneno ndani yake, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Walisubiri mwezi, wakasubiri mingine. Mazoezi ya koo, asali, mvuke, wataalamu. Haikurudi.

Daktari mpole alikaa na Kwanini kwenye benchi la korido, ileile aliyomkamatia siku ya kwanza. "Rovu lilikuwa limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua," alisema. "Neva inayoendesha sauti ilikuwa imevutwa mpaka imekuwa uzi. Halafu tena damu, na kuingia mara ya pili kwa haraka."

"Tungelikata tarehe ile ya kwanza?"

Daktari aliitazama mikono yake. "Sijui. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

Kwanini angependa kudanganywa. Angeambiwa ndiyo, ni wewe, angelia akaomba msamaha akajua pa kuanzia. Angeambiwa hapana, angelala. Lile sijui lilikataa kukaa mahali pamoja, kila usiku lilibadilisha upande.

Sokoni waliajiri kijana mwenye sauti safi. Alisema, "Tangazo, tangazo, kuna funguo zimeokotwa," akamaliza. Hakukosea neno, na hakuna aliyecheka. Uongozi wa soko, kwa utu wao, ulimwachia shangazi kiti chake pale juu, awe anapanga rafu na kukaa na watoto waliopotea. Watoto walimpenda. Yeye aliwanong'oneza, nao wakadhani ni mchezo, wakamnong'oneza, na mtoto anayenong'ona hawezi kulia kwa wakati huohuo. Lakini huko chini watu hawakujua kwamba bado yupo. Muuza vitunguu mmoja alipanda kuja kutoa pole ya msiba, akamkuta marehemu anatenganisha miwani na funguo. Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, bila mlio. Kwanini alikuwepo siku hiyo. Alijikaza, akateremka, akaenda kulia kwenye magunia ya mkaa.

Majibu ya maabara yakatoka. Vikaratasi vya shangazi vilikuwa vizima kuliko vya mgonjwa mwingine yeyote, hakuna hata kimoja kilichooza. Vikaonyesha wazi kwamba kurasa za kuita madini joto ndani ya tezi zilikuwa zimenyamaza kabisa, na kurasa za kukua na kujenga mishipa ya damu zilikuwa zinapiga kelele. Profesa aliweka picha ukutani, miraba myekundu na ya bluu, akaizunguka kama mtu aliyenunua ng'ombe.

"Hii ndiyo sampuli!" alisema. "Mnaona faida ya kuwahi? Kwanini angezubaa kidogo tu, tusingekuwa na kitu."

Wenzake walimpigia makofi. Barafu peke yake hakupiga, alikuwa anatazama sakafu. Kwanini aliomba radhi, akaenda kujifungia msalani, akafungua bomba ili wasimsikie.

Alichapisha ile picha, akapanda nayo ngazi ya chuma jioni moja kabla soko halijafungwa. Kijana wa matangazo alikuwa ameshuka kunywa chai. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Inasema nini?" akanong'ona.

"Nyekundu ni kurasa zilizokuwa zinasomwa kwa kelele. Bluu ni zilizonyamaza."

Shangazi alipitisha kidole juu ya bluu, mraba baada ya mraba. "Hizi zilinyamaza kwa nini?"

Aliuliza kwa utani, akimtazama kwa jicho la pembeni, maana sasa yeye ndiye muulizaji.

"Hatujui bado, shangazi." Kisha ikamtoka. "Shangazi, zile wiki. Daktari alisema angependa tuwahi. Mimi sikukuambia hilo. Nilikuambia dunia haitaanguka."

Shangazi hakushtuka. Alikunja ile picha vizuri, akaiweka kwenye rafu, kati ya mwavuli na miwani. "Nililijua," akanong'ona. "Mimi si mtoto. Nilitaka upate ulichokitaka." Akampigapiga mgongo wa mkono. "Basi. Yaishe."

Lakini hayakuisha. Kusamehewa kabla hujamaliza kukiri ni jambo gumu, unabaki na mzigo wako mkononi na hakuna anayeupokea.

Hapo ngazi ikalia na mtu akaingia. Alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye kovu jipya shingoni, amekuja kuulizia mkasi wake aliousahau kwenye duka la vifungo. Alipomwona shangazi, alipiga makofi.

"Wewe! Jirani yangu wa kitanda! Uko hai? Nilihama wodi wakiwa wamekuchukua, nikaogopa hata kuuliza." Akamgeukia Kwanini. "Huyu mama alitaka kutuua wodini. Tuna mishono shingoni, yeye anatuchekesha!"

Shangazi alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kama mtu anayezima taa. Fundi cherehani hakuona, alikuwa anatafuta mkasi wake kwenye rafu kwa macho huku mdomo ukienda.

"Aliwachekesha kwa nini?" Kwanini aliuliza.

"Alipozinduka! Mimi nilijua mtu akitoka huko hana hata sauti ya kuomba maji. Yeye akainua kichwa, akatangaza, sauti nzima, nene, ileile ya spika, tukatambua wote kwamba kumbe ndiye! Akasema, 'Kuna shangazi ameokotwa wodini. Amevaa gauni lisilo na vifungo nyuma, na shingo yake imepungua. Yuko kitanda cha dirishani. Mwenye shangazi yake aje amchukue.' Loo! Mishono iliniuma mpaka machozi."

Shangazi alikuwa ameinamisha uso.

"Akatazama mlango. Akatangaza tena. Mara ya tatu alitangaza taratibu, hatukucheka sana. Muuguzi akamwambia, mama, pumzisha koo, akasema sawa, ana kazi huko chini, akimaliza atakuja. Haikupita muda shingo ikaanza kujaa... Huo hapo mkasi wangu! Wa mpini mwekundu." Akauchukua, akawaombea wote afya, akateremka, na ngazi ikalia chini yake mpaka mwisho.

Kwa hiyo ilikuwepo. Sauti ile ambayo Kwanini aliitafuta kwa asali na mvuke na wataalamu ilikuwa imetoka chumba cha upasuaji ikiwa nzima, imemwita kwa namna ileile iliyomwitia kwenye mkaa, mara tatu, juu ya kichwa chake. Na yeye alikuwa chini anaandika vifuniko vya vichupa. Havikuwa na haraka vile vichupa. Barafu alimwambia.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha shangazi, kwenye sakafu ya mabati, kama watoto wa benchi.

"Shangazi," akasema. "Mimi ndiye mwenye shangazi yake. Nimekuja kumchukua."

Shangazi alimtazama. Kile kicheko cha kujizuia kikamjia machoni, kilikuwa bado kipo, hicho hakuna aliyekikata. Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni.

"Soko limefungwa, mwanangu."

Kwanini akasubiri maneno yaliyobaki, yale ya kesho tena. Aliyajua, alikuwa ameyasikia kila jioni ya utoto wake, na alitulia kabisa ili asiyakose. Shangazi alivuta pumzi, akafungua mdomo, na pumzi ikatoka peke yake.